Kufungasha chakula bila plastiki: anza na chakula, kifungashio baadaye (mwongozo kamili)

Siku niliyoamua kuachana na plastiki niliharibu oda nzima. Nilipata vibakuli vyeupe vinavyoonyesha ndani, vimeandikwa kwamba vimetokana na mahindi na vinaoza, nikavipenda, nikaagiza katoni zima, halafu nikamimina supu ikiwa bado inatoa mvuke. Dakika chache tu vikaanza kulegea, kingo zikapinda, mifuniko ikagoma kukaa na supu ikaishia mezani. Aliyeniuzia hakusema chochote kuhusu joto na mi wala sikuuliza. Baadaye ndo nikajua ile ni PLA, bioplastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa, na huwa inaanza kulainika kwenye nyuzi 55 mpaka 60 hivi, yaani hata chai tu inaishinda.

Kwa hiyo hapa sianzi na orodha ya vifungashio vizuri na vibaya, maana hakuna kitu kama hicho. Kuna kifungashio kinachofaa chakula fulani, kwa muda fulani, na kinachoweza kuoza au kurudi kwenye matumizi pale kitakapoishia kweli. Nimeandika zaidi kwa mtu anayefungasha na kuuza kidogokidogo, ila wa nyumbani naye atapata chake.

Hatua ya 1: Jua plastiki ilikuwa inakufanyia kazi gani

Plastiki tunaitukana lakini ilikuwa inafanya kazi nyingi kwa mpigo: inazuia unyevu, inazuia hewa, mafuta hayapiti, maji hayavuji, halafu unaiziba kwa joto na imeisha. Mbadala mmoja unaofanya yote hayo kwa pamoja ni nadra sana, na habari njema ni kwamba chakula chako karibu kila mara hakihitaji yote.

Chukua karatasi, andika kila bidhaa yako, na mbele yake uandike adui yake mkubwa mmoja. Biskuti adui yake ni unyevu, zikivuta unyevu zinakuwa kama sponji. Karanga na mbegu adui yake ni hewa na mwanga, mafuta yake yanaharibika na unaanza kusikia ile harufu ya mafuta yaliyokaa. Nyama mbichi adui yake ni vijidudu na ile maji maji inayovuja. Chakula cha moto kina adui watatu kwa mara moja, joto, mafuta na mvuke, ndo maana kinasumbua kuliko vyote. Mboga za majani na matunda vinapumua hata baada ya kuvunwa, ukivifungia kabisa vinatoka jasho na kuoza, kwa hiyo hapo plastiki yenyewe mara nyingi ndiyo ilikuwa tatizo. Mkate ndo kichekesho: kwenye nailoni unabaki laini ila ganda linakuwa kama ngozi, kwenye karatasi ganda linabaki kavu ila kesho yake mkate wote umekauka. Sasa mteja wako anaula leo au keshokutwa? Jibu la hapo ndo linakuchagulia.

Halafu andika na muda. Saa moja, siku tatu, miezi mitatu. Kitu cha kuliwa ndani ya saa moja hakihitaji kinga ya miezi mitatu, na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela bure. Kinyume chake pia ni kweli: upotevu na utupaji wa chakula unakadiriwa kuchangia asilimia 8 mpaka 10 ya gesi zote zinazoongeza joto duniani, kwa hiyo ukibadilisha kifungashio halafu nusu ya bidhaa ikaharibikia kabatini, mazingira hujayasaidia, umeyaumiza kwa njia nyingine.

Hatua ya 2: Kabla ya kununua mbadala, angalia kama unaweza kukwepa kabisa

Chombo cha mteja mwenyewe ndo mbadala rahisi kuliko wote. Unapima chombo kitupu kwanza, unaandika uzito wake kwenye mfuniko, unajaza, unatoa tofauti. Kikija kichafu unakikataa kwa upole, na uwe na sheria moja kwa wote ili usianze kubishana na mtu foleni ikiwa ndefu.

Ukishindwa hapo fikiria vyombo vinavyorudi, mteja anaacha amana na akirudisha anapata hela yake. Ila hapa usijidanganye, chombo cha kurudi kinasaidia kikirudi kweli. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipiga hesabu ya mifuko ya kubebea ukakuta mfuko wa pamba inabidi utumike mara 131 ndo ulingane, kwa upande wa tabianchi, na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Mara 131! Kwa hiyo ukigawa mifuko ya pamba kama zawadi na watu wanaitupa kabatini, ujue umefanya mapambo tu.

Hatua ya 3: Oanisha chakula na kifungashio

Hapa ndo penye kazi, twende taratibu.

*Karatasi.* Karatasi ya kaki ya kawaida inafaa vitu vikavu vya muda mfupi: mkate wa leo, matunda, mboga, unga kwa siku chache. Haizuii unyevu wala mafuta. Ukitaka karatasi isiyopitisha mafuta bila kupakwa plastiki zipo mbili za kuulizia. Ya kwanza ni glasini (glassine), ile laini inayong'aa na kupitisha mwanga kidogo, inatengenezwa kwa kuponda nyuzi muda mrefu halafu kuzikandamiza kwenye roli za moto mpaka matundu yanajifunga yenyewe. Ya pili ni pachimenti halisi (vegetable parchment), ile ngumu ya kufungia siagi na jibini, karatasi inachovywa kwenye tindikali ya salfuriki kisha inaoshwa, uso wake unageuka kama jeli na kuziba. Usiichanganye na karatasi ya kuokea ya siku hizi, nyingi zimepakwa silikoni.

Vikombe na vibakuli vya karatasi vya vinywaji vya moto ni hadithi nyingine, ndani vina utando mwembamba wa plastiki. Maboksi ya maziwa na juisi ndo kabisa, robo tatu hivi ni karatasi, zinazobaki ni plastiki na mara nyingi tabaka jembamba la aluminiamu. Sisemi ni vibaya, yanalinda maziwa miezi bila friji, nasema usiviite karatasi tu halafu ukavitupa kwenye shimo la mboji.

Na gazeti la zamani, jamani, tuache. Wino wa gazeti haukutengenezwa kugusana na chakula, na kikiwa cha moto chenye mafuta ndo unahamia vizuri zaidi. Hata karatasi na maboksi yaliyorejelewa yanaweza kubaki na mafuta ya madini kutoka kwenye wino wa zamani, kwa hiyo yatumie kwa boksi la nje na ndani weka kitu kingine safi.

*Bagasi,* yaani makapi ya muwa baada ya kukamuliwa, yanasagwa na kukandamizwa kuwa sahani na maboksi. Kwa chakula cha moto hapa ndo nilipohamia baada ya ile aibu ya supu. Inavumilia joto, inaingia maikrowevu, haikatiki mkononi. Shida yake ni mbili. Moja, mvuke, ukifunika chakula cha moto moja kwa moja mfuniko unalowa na chakula kinakuwa rojorojo, kiache kipumue dakika mbili tatu au tafuta boksi lenye tundu. Pili, na hii ni kubwa, miaka mingi viwanda vilikuwa vinaweka PFAS humo ili mafuta yasipenye. Hizi ndo zile kemikali zinaitwa za milele kwa sababu haziozi, zinakaa kwenye maji, udongo na kwenye damu yetu. Denmark ilizizuia kwenye karatasi na maboksi ya chakula tangu 2020, na Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba zile za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa vifungashio vya karatasi. Bidhaa safi zipo nyingi sasa, ila bidhaa za zamani bado zinazunguka, lazima uulize.

*PLA.* Kwa saladi, matunda yaliyokatwa, juisi baridi iko poa. Moto hapana. Na usiiweke kwenye gari juani, nimeona vikombe vimeinama vyenyewe kabla hata ya kutumika. Kuna aina iliyofanywa ngumu zaidi, unaikuta kwenye vijiko na mifuniko ya kahawa, ile inavumilia joto zaidi ya ile ya kawaida.

*Selofani.* Ile halisi, inayotokana na nyuzi za miti, aliibuni Mswisi Jacques Brandenberger mwaka 1908, kwa hiyo ni ya zamani kuliko nailoni tulizozizoea. Inang'aa, inazuia hewa na mafuta vizuri, lakini ikiwa tupu unyevu unapita, ndo maana nyingi zimepakwa kitu juu na hicho kitu ndo kinaamua kama itaoza au la. Biskuti, pipi na karanga zinapendeza humo. Ila chunga, watu wanaita selofani kila nailoni inayong'aa! Ivute: selofani haivutiki, ukiikunja inabaki na mkunjo na inalia kwarakwara, ukianza kuichana kidogo inaendelea kuchanika yenyewe.

*Kioo.* Hakipitishi hewa wala unyevu (mwanga ndo unapita) na hakiachii chochote kwenye chakula, kwa karanga, asali, achari na vitu vya miezi hakina mpinzani. Ila ni kizito na kukiyeyusha kunahitaji tanuru la nyuzi 1500 hivi, kwa hiyo chupa ya kioo ya kutumika mara moja kisha kutupwa si ya kujivunia. Faida yake inakuja ikirudi, chupa za kioo zilizotengenezwa nene kwa ajili ya kujazwa tena zinaweza kuzunguka hadi mara 50. Mfuniko una mpira wa kuzibia ndani, ukichoka badilisha mfuniko, chupa iache.

Na tahadhari moja ambayo siwezi kuiruka: kuhamisha chakula kwenda kioo hakukupi ruhusa ya kukiacha nje ya friji. Chakula chenye pH juu ya 4.6, yaani kisicho na uchachu wa kutosha, mfano mboga, nyama, kitunguu saumu kwenye mafuta, kikifungwa bila hewa ndo mazingira anayoyapenda kijidudu wa botulismu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua, na mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka tu, zinahitaji presha na nyuzi 121. Vyenye uchachu wa kutosha kama jemu na achari ya siki ndo vya kuchemshia nyumbani, vingine friji.

*Bati na aluminiamu.* Kurejeleza aluminiamu kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati ukilinganisha na kuichimba upya, na wanunuzi wa chuma chakavu wanaitaka, kwa hiyo inarudi kweli. Visahani vya foili vinafaa chakula cha moto na oveni, ila vyenye ndimu, nyanya na chumvi nyingi usivilaze humo usiku kucha, vinakula chuma. Makopo ya bati yana rangi ya kinga ndani, kwenye kinga hizo ndo kulikuwa na BPA, kemikali inayovuruga homoni, Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vitu vinavyogusa chakula kwa kanuni ya Desemba 2024.

*Kitambaa cha nta.* Hiki ni cha nyumbani zaidi, kufunikia bakuli, kufungia jibini, mkate au nusu ya tunda. Unachukua kitambaa safi cha pamba, nta ya nyuki vijiko vinne, utomvu wa msonobari kijiko kimoja na nusu, mafuta ya jojoba au mengine yasiyoharibika haraka kijiko kimoja, unayeyusha pamoja juu ya maji ya moto, unapaka kwa brashi, unaingiza oveni yenye moto mdogo dakika chache mpaka isambae, unatundika ikauke. Ukiweka nta peke yake inapasuka ukikunja na haigandi kwenye bakuli, utomvu ndo unaoleta ule mshiko. Osha kwa maji baridi na sabuni kidogo, nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 kwa hiyo maji ya moto yataivua yote. Nyama mbichi na samaki usiweke humo, hutaweza kukiosha ipasavyo.

Mengine yanakuja. Mwani, kwa mfano kampuni ya Notpla ya London ambayo vifuko vyake vya kinywaji vilitolewa kwenye London Marathon 2019, unauma na kumeza pamoja na kifuko. Kuna PHA, bioplastiki inayotengenezwa na bakteria na ambayo inaoza hata mahali PLA inaposhindwa, ila bado bei yake iko juu. Na uyoga, ile mizizi yake inaoteshwa kwenye makapi ikawa kama sponji ngumu, hiyo ni ya kukingia chupa zisivunjike ndani ya boksi. Fuatilia, ila usijenge biashara juu yake leo.

Hatua ya 4: Soma maandishi kama mtu mwenye shaka

"Inaoza kiasili" peke yake ni maneno matupu. Inaoza wapi, kwa muda gani? Tafuta namba. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka angalau asilimia 90 ya kitu igeuke hewa ukaa ndani ya miezi 6, na ndani ya wiki 12 kiwe kimesambaratika, ila hayo ni mazingira ya kiwanda cha mboji, nyuzi 58 hivi. Shimo lako la nyuma ya nyumba halifiki hapo mfululizo. Kama unategemea mboji ya nyumbani tafuta alama inayosema hivyo waziwazi, kama OK compost HOME. PLA kwenye shimo la kawaida utaikuta bado inakuangalia mwaka kesho.

"Oxo" ndo ikimbie kabisa, ni plastiki ya kawaida iliyowekewa dawa ya kuifanya ipukutike kuwa vipande vidogo. Umoja wa Ulaya ulizizuia kuanzia Julai 2021. Na vile vikombe vya "mianzi" vigumu vinavyong'aa, vingi ni unga wa mianzi ulioshikwa na melamini, nayo ni plastiki, na ikipata kinywaji cha moto inaweza kuachia fomaldehidi.

Kwa sapulaya omba vitu vitatu kwa maandishi: karatasi ya uthibitisho wa kugusa chakula, cheti cha mboji chenye namba unayoweza kuihakiki mwenyewe, na kipimo cha florini yote kwa ajili ya PFAS, wathibitishaji wengi wanataka iwe chini ya miligramu 100 kwa kilo. Akianza kukuzungusha na maneno ya "asili tupu, usijali", we jali.

Hatua ya 5: Jaribu jikoni kwako kabla ya kuagiza katoni

Omba sampo, tano zinatosha.

Jaribio la utando: chana kikombe au boksi taratibu, angalia ukingo. Ukiona kama ngozi nyembamba inavutika, kuna plastiki au kitu kinachofanana nayo. Huna uhakika? Loweka vipande majini mpaka kesho yake, nyuzi zitalainika na utaubandua ule utando kwa ukucha.

Jaribio la mafuta: dondosha tone la mafuta ya kula. Likisambaa na kupenya, karatasi ni ya kawaida. Likisambaa bila kupenya ni zile zilizokazwa au zenye utando. Likisimama kama shanga, limeduara kabisa haligusi chini vizuri, shuku PFAS, si ushahidi wa mwisho ila ndo wakati wa kudai ile karatasi ya kipimo.

Jaribio la unyevu ndo nalipenda kuliko yote na linahitaji mzani wa jikoni tu. Weka biskuti gramu 100 kwenye kila aina ya mfuko unaoupima na gramu 100 nyingine kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, vipange pamoja, pima kila asubuhi kwa wiki, andika. Mifuko yangu ya karatasi tupu iliongeza gramu 3 ndani ya siku nne, na siku ya nne nilivunja biskuti sikusikia ule mlio wa kuvunjika, ilipinda kwanza. Kwenye selofani iliyopakwa nilifika siku ya saba mzani haujasogea hata gramu. Hapo sikuhitaji mtu wa kunishawishi.

Chakula cha moto: jaza, funga, weka kwenye begi la deliva dakika 40, zungusha zungusha kama pikipiki ingefanya. Fungua, angalia chini, angalia kona, halafu kula.

Hatua ya 6: Gundi, lebo na kufunga

Watu wanahangaika na mfuko halafu wanauziba kwa selotepu ya plastiki na kubandika stika ya plastiki, kazi bure. Tumia utepe wa karatasi wenye gundi ya wanga unaolowesha kwa maji, au uzi wa pamba, au chapa mhuri moja kwa moja kwenye mfuko kwa upande wa nje. Chupa zinazorudi zinataka lebo inayotoka kwa maji ya uvuguvugu, ukikosea hapa utakaa unakwangua gundi mpaka uchukie mazingira yote. Na ule mfuko wenye dirisha la kuonyesha ndani, uliza dirisha ni la nini, mara nyingi ndo plastiki pekee iliyobaki.

Hatua ya 7: Badilisha bidhaa moja moja na mwambie mteja afanye nini

Anza na bidhaa rahisi, kavu, inayoisha haraka. Ipe mwezi mmoja, hesabu zilizorudishwa na zilizoharibika, ndo uende ya pili. Stoku ya plastiki uliyonayo itumie iishe, kuitupa ili uonekane msafi haina maana.

Kabla hujachagua, ulizia kama mahali bidhaa zako zinapoishia kuna kiwanda cha mboji kinachopokea vifungashio, kuna wanaokusanya kioo, kuna wanaonunua chuma chakavu. Kama mboji ya kiwandani haipo, PLA yako inaenda dampo na kioo au karatasi tupu vitakufaa zaidi. Ikichanganyika na chupa za plastiki za kawaida inaharibu urejelezaji wake, na kwa macho huzitofautishi, angalia chini kwenye pembetatu, namba 7 na neno PLA.

Kisha andika kwenye lebo maelekezo mafupi ambayo mtu atayafanya kweli: "Rudisha chupa upate amana yako", "Chana, tupa kwenye mboji", "Usiweke chakula cha moto". Hiyo ya mwisho mi nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye kila kikombe cha PLA nilichobaki nacho.